Tuuze nyumba ya Magomeni tuhamie Mlandizi? Swali ambalo korona imetuachia

Kaka yangu mkubwa ana hoja moja anairudia kila tukikaa kikao cha familia, kwamba tuuze nyumba aliyotuachia marehemu baba pale Magomeni, hela itakayopatikana tununue eka mbili tatu Mlandizi, nje ya mji, tujenge nyumba ya kueleweka, kila chumba na choo chake, uwanja watoto wacheze, na sababu anayoitoa ni mwaka 2020. Anasema korona ilituonyesha kuishi kwa kubanana ni hatari, na likija gonjwa lingine litatukuta pale pale. Dada yangu hataki hata kusikia. Mi nimekaa katikati muda mrefu, na kwa vile najua familia nyingi hapa Dar zina mjadala huu huu nimeona niuandike wote halafu niseme mwenyewe nimesimama wapi.

Kwanza nyumba yenyewe. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, vyumba vitatu huku vitatu huku, korido katikati, ukitoka nyuma unakuta uani, choo kimoja, bafu moja, bomba moja, na kibanda cha kupikia. Mama anakaa vyumba viwili vya mbele, vinne amepangisha. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza akatangazwa tarehe 16, kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule, na wengi wa watoto walikaa nyumbani mpaka tarehe 29 Juni. Siku moja tukahesabu wanaolala mle ndani tukapata watu 17. Watu 17, kitasa kimoja cha choo. Mama akawa kila asubuhi anakifuta kile kitasa na kitambaa cha maji ya sabuni, alafu anakirudia mchana, alafu jioni, na ndoo ya maji tiririka akaiweka mlango wa kutokea uani ili mtu asipite bila kunawa. Tunaambiwa tukae mbali mbali mita moja wakati ile korido ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Kwa hiyo kaka anapoongea hasemi kitu cha kubuni, aliona kwa macho yake. Na vile vyumba vya katikati ndo vibaya zaidi, dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani hatua moja tu, hewa haiingii wala haitoki, na baadae tulikuja kuelewa kuwa korona inasambaa sana kwa hewa ya chumba kilichofungwa kuliko hata kwa vitasa tulivyokuwa tunavisugua. Na si korona tu. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapa hapa Dar kikaenda mikoani, na kipindupindu kinapenda nyumba kama yetu, choo kimoja, bomba moja, watu wengi. Ukimsikiliza kaka vizuri unaona anaogopa kitu cha kweli.

Lakini hoja ya magonjwa na nyumba katika mji huu ina historia yake na si yote nzuri. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja tunaopumzikia chini ya miti, Waingereza baada ya vita ya kwanza ya dunia waliuacha wazi makusudi kutenganisha Kariakoo ya Waafrika na Uhindini, na sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Yani badala ya kumpelekea mtu wa Kariakoo maji safi na mtaro wakamwekea umbali. Ndo maana mtu akiniambia dawa ya ugonjwa ni kukaa mbali na watu mi naanza kumuuliza maswali, mbali na nani, mbali na nini kingine?

Kaka pia anapenda kutaja wazungu, kwamba hata wao baada ya korona walikimbia mijini kutafuta nyumba zenye bustani. Ni kweli walikimbia, ila tuangalie walikimbia kwa hela gani. Marekani Januari 2021 riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilishuka mpaka asilimia 2.65, haijawahi kuwa chini hivyo. Uingereza kuanzia Julai 2020 serikali ilisamehe kwa muda kodi ya kununua nyumba kwa pauni 500,000 za kwanza. Mtu ana kazi ya kompyuta anaifanyia popote, benki inampa mkopo karibu na bure, kwa nini asihame? Kisha Oktoba 2022 riba ya Marekani ikapita asilimia 7 na waliochelewa wakakwama. Hapa kwetu Benki Kuu nayo ilipunguza riba yake kwa mabenki Mei 2020 kutoka asilimia 7 kwenda 5, lakini mkopo wa nyumba kwa mwananchi ulibaki kati ya asilimia 15 na 19, na mwenye biashara ndogo asiye na hati ya mshahara hata hapewi. Sisi tunajenga kwa hela mkononi, msingi mwaka huu, tofali mwaka kesho, bati Mungu akijalia. Hamu ya nyumba kubwa korona imetuletea kama ilivyowaletea wao, hela ya kuikamilisha haijaja nayo.

Sasa dada. Yeye anauza vitenge Kariakoo, toka Magomeni anapanda mwendokasi au anatembea tu. Mlandizi ni zaidi ya kilomita 40, unatoka saa kumi usiku, unabadilisha magari Mbezi, unarudi watoto wamelala. Na aliuliza swali kikaoni ambalo kaka hakulijibu, akasema, "Kaka, unanitoa kwenye korido ya watu 17 unanipeleka kwenye gari la watu 60 madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, masaa mawili asubuhi masaa mawili jioni, hapo umeniepusha na nini?" Kwa kweli mi naona hili ndo tundu kubwa kwenye hoja ya kuhamia nje ya mji. Inamfaa mtu ambae kazi yake inamfuata nyumbani. Wengi wetu kazi iko sokoni, iko dukani, iko kijiweni, na 2020 ile hatukufungiwa ndani, watu waliendelea kwenda Kariakoo kila siku kwa sababu usipoenda hamli.

Wenzetu wa Nairobi waliliona hili kwa ukali zaidi. Kafyu yao ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni kila mtu awe ndani, na aliyenunua nyumba mbali ndo aliyekuwa anahangaika na magari jioni. Aprili 2021 kuna usiku polisi walifunga barabara ya Thika kafyu ilipogonga, watu wakakaa ndani ya magari kwa masaa, wengine na watoto. Umbali unaouona ni raha wakati wa amani unabadilika siku amri inapotoka.

Alafu kuna hospitali, na hili silisemi kwa nadharia. Julai 2021 mjomba wetu anaekaa kule kule njia ya Mlandizi alianza kukosa pumzi saa sita usiku. Nyumba yake nzuri, ina nafasi, ina miembe, ina upepo. Gari ya kukodi ilipatikana saa nane. Hospitali ya kwanza tuliyofika mitungi ya oksijeni ilikuwa imeisha, tukaambiwa tusogee mjini, na mi nilikuwa kiti cha nyuma nimemshika mkono nahesabu anavyovuta. Alipona, Alhamdulillah. Lakini toka siku ile mtu akinionyesha kiwanja nauliza kwanza usiku wa manane nafikaje hospitali yenye oksijeni, maswali ya bustani yanafuata.

Kitu kingine ambacho dada anakisema na mi nakiunga mkono, ile nyumba ndo mshahara wa mama. 2020 wapangaji wawili walitetereka, mmoja alikuwa hotelini wageni wakakata akapoteza kazi, mama akamvumilia miezi mitano, lakini wengine wawili waliendelea kulipa na mama akala. Tukiuza tunapata hela nyingi mara moja, eka zinanunuliwa, nyumba inaanza, na mi nimeona maboma mengi sana barabara ile, yamefika usawa wa lenta miti imeota sebuleni, kwa sababu hela iliisha na hakukuwa na kitu kinachoingiza nyingine. Na hapo sijagusa mambo ya viwanja ambavyo havijapimwa, unapewa mkataba wa mauziano umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, baada ya mwaka anatokea mwenzako ana wake wa kiwanja hicho hicho.

Nisimwonee kaka. Kama hatungekuwa na nyumba mjini, kama tungekuwa tunalipa kodi ya miezi sita kwa mpigo kwenye chumba cha mtu, ningemwambia nunua Mlandizi hata leo, anza na vyumba viwili, kwa sababu kitu kilichoumiza watu wengi 2020 ni kodi kuisha wakati biashara imelala, na mwenye kibanda chake hata kisichopigwa lipu hakuna wa kumtolea vitu nje. Na kwa mtu mwenye kipato cha pensheni au ufugaji, kule ni kuzuri, hewa safi, na chakula kinatoka shambani. Kuhusu maghorofa, wapo wanaosema jibu ni kama Magomeni Kota, zile nyumba za familia 644 zilizofunguliwa Machi 2022. Mi nazikubali, kila mtu ana choo na maji yake ndani, hapo tayari umeshaondoa hatari kubwa, kubanana kunabaki kwenye ngazi na lifti tu.

Na hapo ndo nilipopata msimamo wangu. Nikiangalia kilichokuwa kinatutisha 2020 sioni udogo wa kiwanja, naona choo cha kushea, bomba moja, na madirisha ambayo hayapitishi hewa, na vyote vitatu vinatengenezeka pale pale Magomeni. Nimependekeza tusiuze. Chumba kimoja tukiue, kigeuzwe vyoo viwili na bafu mbili, tuweke tanki la lita 2,000 maana Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua mgao wa maji ulituonyesha kunawa mikono bila akiba ni maneno, na vyumba vya katikati tuvitobolee matundu ya hewa juu ya mlango na juu karibu na dari. Mama atapoteza kodi ya chumba kimoja kila mwezi, na hilo tutalifidia sisi watoto kwa kuchanga, kaka akiwemo, na hajakataa.

Fundi alikuja Jumapili na futi yake, akapima, akaangalia bomba la maji machafu linapita wapi. Akasema chumba kinachowezekana ni kimoja tu, cha mwisho kushoto, kinachopakana na uani. Ni cha mama muuza maandazi, amekaa hapo miaka 14, watoto wake wawili wamezaliwa humo, na ule mwezi mama yetu alipokuwa anaumwa yeye ndo alikuwa anamfukizia nyungu na kumpelekea uji mlangoni. Fundi alipomaliza kupima, mama yetu alimtengea chai, akakaa kimya muda, akasema tumpe wiki moja kwanza, ataongea na huyo mpangaji mwenyewe.