Kibarua na jirani wa kiwanda ni mtu mmoja

Juzi jioni barazani, hapa Mombasa, kijana mmoja anayefanya vibarua viwandani aliniambia mbele ya watu, "Kaka, nyinyi watu wa mazingira mkishinda kesi, sisi tunalala njaa." Wazee wakanyamaza. Muuza kahawa naye akaacha kugonga vikombe vyake. Sikuwa na jibu la haraka, na maneno yale yamenikaa kooni hadi leo. Nimewahi kuyasikia kwa wenye miradi kila wanapobanwa: mkitusumbua tunafunga, tukifunga hakuna kazi. Kilichoniuma ni kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu anayebeba magunia.

Ana haki ya kukasirika. Ana watoto wawili, na kodi ya nyumba haingoji. Lakini siwezi kukubali kwamba kuna watu wa kazi upande huu na watu wa hewa safi upande ule.

Mtaa wa Owino Uhuru, pale Mikindani, si mbali na tulipokuwa tumeketi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi (lead) kilianza kufanya kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikafungwa 2014. Baadhi ya vibarua wa mle walikuwa wakazi wa mtaa huohuo. Mtu alivuta moshi ule zamu nzima kisha akarudi nyumbani kuuvuta tena, na watoto wake wakauvuta hata siku ambazo yeye hakupata kazi. Huyo umweke kundi gani? La wafanyakazi au la wanamazingira?

Phyllis Omido, mwanaharakati aliyekuja kuongoza vita dhidi ya kiwanda kile, mwenyewe aliingia pale 2009 kama mwajiriwa. Alipewa kushughulikia ripoti ya mazingira, na alipowaambia wakubwa kwamba kiwanda kile hakikufaa kuwa pale, akaondolewa kwenye shughuli hiyo. Kisha mwanawe mchanga akaugua. Madaktari walihangaika na homa isiyoisha mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi, iliyompata kupitia maziwa ya mama. Watu wanamjua kwa Tuzo ya Goldman ya mazingira aliyopewa 2015, lakini mimi humkumbuka zaidi kama mfanyakazi aliyeleta sumu nyumbani bila kujua. Kesi yake na ya wakazi wa Owino Uhuru ilishinda 2020, fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe miaka, kisha ukumbuke kuna waliozikwa humo katikati.

Naijua habari ya nguo za kazi. Marehemu baba alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha huku kwetu, na mama hakumruhusu kuvuka kizingiti na ovaroli. Aliivua mlangoni, akabaki na kikoi, mama akaiinua kwa kijiti na kuitia kwenye karai lake peke yake. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya jivu. Ya pili vilevile. Mama hakusoma kemia, ila karai lile hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, na siku tulipoligeuza tukalifanya ngoma, mimi na dada yangu, tulichapwa mpaka jirani akaja kutuombea. Baba alikohoa miaka mingi. Hakuna aliyempima chochote, na kwenye kadi yake ya hospitali waliandika pumu. Kila ninapoambiwa kwamba mazingira ni mambo ya wazungu na watu waliosoma, namkumbuka mama yangu na kile kijiti.

Ndiyo maana Lamu ilinifunza sana. Ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi ulikuja na ahadi zilezile: umeme, ajira, maendeleo. Waliosimama kuukataa hawakuwa wapenda ndege peke yao. Chini ya mwavuli wa Save Lamu walikuwamo wavuvi, vikundi vya akina mama, vijana na wazee wa mitaa, wakiungana na mawakili na wanaharakati wa nchi nzima. Mvuvi ni mfanyakazi, hata kama hana hati ya malipo. Bahari ndiyo karakana yake. Alipouliza maji ya moto ya mtambo yatamwagwa wapi na samaki watakwenda wapi, alikuwa anauliza swali la ajira, ajira iliyokuwapo kabla ya mwekezaji yeyote kuijua njia ya Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET) lilifuta leseni ya mtambo ule, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na athari kwa tabianchi hazikuzingatiwa inavyotakiwa. Rufaa ikaangukia pua Malindi, Oktoba 2025.

Wavuvi haohao walikuwa wameshajifunza kwa mradi wa bandari ya Lamu, pale bahari ilipochimbwa na mwenye mashua ya tanga asiweze kuwafuata samaki bahari kuu. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Watu walikuwa tayari wanajua thamani ya kwenda pamoja.

Nikubali jambo moja, kwa shingo upande. Sisi wa mazingira tumewahi kuwaacha watu wa kazi njiani. Marufuku ya ukataji miti ilipotoka Februari 2018, wakata boriti za mikoko wa Lamu walijikuta hawana pa kushika, na wengi wetu tuliisifu marufuku ile bila kuuliza wangekula nini wiki ile. Na reli ya kisasa vilevile: tani moja ya mzigo ikibebwa na treni huchafua hewa kidogo kuliko ikibebwa na lori, hilo silikatai. Lakini ilipotolewa amri Agosti 2019 kwamba mizigo yote ipande treni, utingo na mama lishe wa Mariakani, mji unaoishi kwa malori, waliulizwa na nani? Ilibidi Mombasa iandamane, watu wa bandari na wa malori pamoja na wanaharakati, na mwezi Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri ile ni kinyume cha Katiba. Hewa safi inayopatikana kwa kumfukuza mtu kazini bila kumwuliza siiti haki.

Tena haya hayajapita. Leo kila paa linawekwa sola, nami nafurahi, kwangu ipo. Lakini betri nyingi za sola ni za risasi zilezile, na zikifa huchukuliwa na vijana wa mikokoteni, zikapimwa kwa kilo, zikaenda kuyeyushwa mahali fulani. Mahali hapo pana vibarua, na mlangoni kwa mmoja wao huenda pana karai. Tukisema nishati safi, tuulize usafi huo ni wa nani.

Haya yote nilimweleza yule kijana, si kwa mpangilio huu. Alinisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, "Kaka, nimekuelewa. Sasa siku nitakayokataa kubeba hiyo sumu, nani atanilipa mia saba yangu?"

Hana mkataba. Hana chama. Vyama vya wafanyakazi vinamhesabu aliyeajiriwa, na mashirika yetu yanamhesabu mkazi aliyeathirika, naye hayumo katika daftari lolote. Nimehudhuria mikutano ya tabianchi katika hoteli za Nyali ambako hakuna kiongozi hata mmoja wa vibarua aliyealikwa, na sherehe za Mei Mosi ambako sikusikia neno moshi. Nataka chama cha wafanyakazi kinachoandikisha watu wa getini, na nataka sisi tunapochanga fedha za kesi tuchange pia mfuko wa kumlipa atakayesema "sibebi" siku ile anayosema. Niliwaambia hivyo wazee wa baraza, na wawili wamekubali tukutane Jumamosi baada ya alasiri. Nilimwalika na yeye. Akasema atakuja kama hatapata zamu, akaaga mapema, maana saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe getini.