Mtoto anayeenda kutolewa tonsili aambiwe ukweli

Mtoto anayepelekwa kutolewa tonsili, vile vinundu vya nyama pande mbili za koo, hapa Kisumu huambiwa mengi. Mara anaenda mjini kula chipsi, mara daktari atamwangalia mdomo tu. Ni uongo wa mapenzi, najua. Naupinga kwa sababu mtoto aliyefichwa jambo hawezi kukusaidia, na katika upasuaji huu utauhitaji msaada wake.

Chukua suala la kufunga. Kabla ya nusukaputi, yaani dawa ya usingizi wa upasuaji, tumbo linatakiwa liwe tupu: kwa kawaida chakula kikome saa 6 kabla, maji matupu saa 2, ingawa utafuata utakavyoelekezwa hospitalini. Chakula kikibaki tumboni, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mtoto akiwa amelala. Sasa alfajiri hiyo nyanya yake anamwonea huruma, anampenyezea mandazi na chai jikoni. (Chai ya maziwa si maji, jamani.) Aliyeelezwa atasema, "Nyanya, leo sili mpaka nitoke kwa daktari." Aliyedanganywa atakula, na upasuaji utaahirishwa.

Mwambie atalala, hatasikia kisu, lakini akiamka koo litauma. Kumwahidi aiskrimu huku umenyamazia maumivu ni uongo uleule. Huuma wiki moja hadi mbili, hata masikio huuma ingawa hayakuguswa, na bado lazima anywe, maana koo likikauka maumivu huzidi. Uji uliopoa na maziwa lala huteremka vizuri.

Kinachonitia hofu hasa ni damu. Inaweza kutoka katika saa 24 za kwanza, kisha tena kati ya siku ya 5 na ya 10 kigaga cha kidonda kinapobanduka, wakati nyumba nzima imeshatulia na watu wanafunga mizigo kwenda ushago. Watoto humeza damu kimyakimya. Mfundishe mapema kusema, "Naonja damu." Ukisikia hivyo, au ukimwona anamezameza usingizini, ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku wa manane. Safari ya ushago kule Nyakach isubiri wiki 2 baada ya upasuaji.

Wazazi nao wana yao ya kusema. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nyingi huku kando ya ziwa, na mtoto aliye nayo huandaliwa kwa namna ya pekee, kwa hiyo daktari wa usingizi aambiwe mapema. Aambiwe pia kuhusu pumu, jino linalolegea na dawa za kienyeji. Na kama mtoto aliwahi kukatwa kimio (kile kinyama kinachoning'inia kooni) kijijini, lisemwe, hata kama mama mkwe aliyempeleka ameketi hapo hapo.