Kabla ya Kuiondoa Riwaya Darasani

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na baadaye ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuwa inataja mambo ya ngono waziwazi. Miaka ikapita, riwaya ileile ikaingia kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vya kusomwa shuleni.

Wazazi wanaotaka riwaya za namna hii ziondolewe siwabezi. Kitabu cha mtihani mwanafunzi hana hiari nacho: atakisoma, atakijadili mbele ya wenzake, atakijibia maswali. Ukurasa ukieleza ubakaji, na darasani akawepo msichana aliyekwisha kukutwa na hayo, mwalimu anayemsimamisha asome kwa sauti atamuumiza bila kujua. Watetezi wa vitabu huipita hoja hii haraka mno, nami naiona nzito.

Lakini hoja hiyo inadai nini hasa? Inadai kitabu kipangwe kwa umri, mwalimu aandaliwe, pengine kiwepo kitabu mbadala. Haidai kitoweke hata maktaba, ambako anayekichukua kachagua mwenyewe. Mwaka 1982, katika kesi ya shule za Island Trees iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, Jaji Brennan aliandika kwamba bodi ya shule haiwezi kuondoa vitabu maktaba kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Suala la mtaala aliliweka kando. Majaji wenzake waligawanyika, ila mpaka huo kati ya rafu na mtaala naukubali.

Turudi kwa Rosa. Mapema kabisa katika kitabu, baba yake, Zakaria, anamchapa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume bila kuwafahamu, na akishakuwa mbali na macho ya baba, anaangamia. Riwaya iliyofungiwa, basi, ndiyo inayosimulia yanayoweza kumpata mtoto aliyelelewa kwa kufungiwa. Anayepekua kurasa za ngono peke yake hawezi kuliona hilo. Linajitokeza kwa anayesoma toka mwanzo hadi mwisho.

Upande wa utetezi nao una pengo lake. Husema kitabu kinafundisha, kana kwamba kinajifundisha chenyewe. Mwalimu mwenye haya huziruka kurasa ngumu, na hizo ndizo wanafunzi watakazozitafuta kwanza, kitabu kikiwa chini ya dawati, bila mtu mzima wa kumuuliza.

Ndiyo maana napinga marufuku ya jumla, lakini sitetei kila riwaya iingie kila darasa. Anayetia saini amri ya kuondoa kitabu awe amekisoma chote, ataje ni kurasa zipi, ni kwa wanafunzi wa umri gani, na uamuzi utapitiwa upya lini. Waliokuwa shuleni Rosa Mistika ilipokuwa imefungiwa, kama waliisoma, waliisoma bila mwalimu.