Dagaa wa Kibirizi na swali la dhana ndani ya mashine

Wapo wanaosema akili bandia inaelewa, na wapo wanaosema inabahatisha tu. Mabishano haya huelea hewani, basi tuyashushe mwaloni Kibirizi, Kigoma, wavuvi wanakoshusha samaki.

Dagaa huanikwa mchangani au juu ya vichanja vya wavu. Wa vichanja hutoka safi. Tuseme mtu anafundisha programu kutenganisha dagaa safi na wenye mchanga: picha 200 kwa kila kundi, 160 za kufundishia, 40 za kupimia. Programu inapata karibu zote. Hapo ndipo pa kushtuka. Kama dagaa safi wote walipigwa picha wakiwa kichanjani, programu imejifunza wavu, samaki haiwajui. Waweke wenye mchanga juu ya kichanja, itawapitisha. Tiba ni kupiga picha za kila kundi kwenye mchanga, kichanja, sinia na gunia, jua likiwa kali na likiwa limefifia, kisha picha za kupimia zitoke mwalo mwingine, kwa mfano Katonga.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliutega mtego huu makusudi: picha 20 tu, mbwa mwitu wote kwenye theluji, mbwa wa kufugwa bila theluji. Programu ikafuata theluji.

Mwanafalsafa Charles Peirce aligawa alama katika mafungu matatu: inayofanana na kitu, inayoambatana nacho kama moshi na moto, na ya makubaliano, kama neno. Wavu ni alama ya fungu la pili, na kusema kweli hata mnunuzi huanza kwa kutazama kichanja. Ila akitia shaka, anaokota dagaa mmoja, anatafuna, anasikia mchanga menoni.

Mifumo ya lugha, ile akili bandia inayojibu kwa maandishi, haitafuni. Kwa mbinu kama word2vec ya mwaka 2013, neno hugeuzwa safu ya namba kutokana na maneno jirani yake. Kwa maandishi pekee mfumo unaweza kukueleza kwa nini mitumbwi hupumzika wakati wa mbalamwezi: mwanga ukitapakaa ziwani, taa ya wavuvi wa usiku haivuti tena dagaa. Kuuita mpangilio huo ukasuku ni kuudharau mno.

Mtafiti wa akili na utambuzi Stevan Harnad aliuliza mwaka 1990: alama zikielezwa kwa alama tu, maana inatia nanga wapi? Mtu wa Tabora asiyewahi kuliona Ziwa Tanganyika anaelewa habari za karabai, taa hiyo ya wavuvi, lakini maji, mwezi na samaki anavijua kwa mwili wake. Kwa hoja hiyo Harnad bado ana nguvu. Mtafiti wa akili bandia Luc Steels alijibu kwa vitendo mwaka 1999: mashine zenye kamera zilitazama maumbo ya rangi ubaoni, moja ikataja jina, nyingine ikakisia, ikikosea ikaonyeshwa. Maneno ya pamoja yakazaliwa bila kamusi.

Kwangu, uzito uko kwenye huko kuonyeshwa. Mifumo ya leo pia husahihishwa, na watu wanaopima majibu. Mpimaji asiyewahi kutafuna dagaa wa mchangani atapitisha jibu lenye Kiswahili kizuri hata likiwa si kweli.