Transfoma Nzito, Sauti Ile Ile: Je, Mteja Amepunjwa?

Kila mwaka korosho zinapoanza kuuzwa mnadani, mnamo Oktoba, mafundi redio wa Masasi, Newala na Mtwara mjini huletewa amplifaya na wenye kukodisha muziki, na ombi huwa moja: ibadilishwe transfoma, mashine iweze kukesha. Fundi mwangalifu huchomoa transfoma ya 35-0-35 (yaani volti 35 kila upande wa waya wa katikati) ya ampea 4, akafunga ya ampea 7 yenye volti zile zile. Mteja hufungulia muziki, akasikia kishindo kile kile alichokizoea, na kuondoka akiamini kwamba ameuziwa uzito wa chuma. Naona lawama hiyo inamwonea fundi, ingawa wanaoipinga kazi hii nao wana hoja za haki.

Kilele cha sauti huamuliwa na volti. Transfoma ya 35-0-35, umeme wake ukishapita kwenye diodi na kapasita, zinazougeuza kuwa wa mkondo mmoja na kuuhifadhi, hutoa takriban volti 48 kila upande, na ampea hata ziongezwe vipi hazikipandishi kilele hicho. Kazi ya ampea ni kuzuia volti zisianguke pale transista zinapovuta umeme mwingi kwa pamoja, jambo ambalo kwenye meza ya fundi halionekani, kwa kuwa pale mashine hujaribiwa kwa muda mfupi na spika moja.

Tuseme volti 50 zinashuka hadi 42 kila besi inapogonga. Asilimia 16 ni kidogo kwa kuitazama tu, lakini wati hufuata mraba wa volti: gawanya 42 mara 42 kwa 50 mara 50, utabaki na asilimia 71 hivi. Amplifaya ya wati 100 imekuwa ya wati 71, tena katika nukta ile ile ambayo ngoma inadai nguvu. Mpinzani atajibu kwamba kwa sikio pengo hilo ni desibeli 1.5 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwamba katikati ya shamrashamra hakuna atakayelitambua. Hesabu yake ni sahihi, ila inamsahau mpiga muziki, ambaye akihisi besi imelegea huongeza sauti. Volti za kubeba nyongeza hiyo hazipo, kwa hiyo wimbi hukatwa kichwa, na wimbi lililokatwa hupeleka nishati nyingi zaidi kwenye twita, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, ambazo koili zake ni nyembamba na hazikuundwa kwa mzigo huo. Mwenye muziki hununua twita baada ya twita akilaumu ubora wa spika, kumbe chanzo kiko kwenye transfoma.

Kuna pia suala la joto, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. Kiwango cha usalama cha IEC 60065, cha tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, kilichofuatwa kwa miaka mingi na watengenezaji wa vyombo vya sauti, kilipima joto la amplifaya ikitoa thumuni ya nguvu zake, kwa kudhani kwamba muziki wa kawaida una vilele vichache na vituo vingi. Dhana hiyo inafaa sebuleni. Haifai kwenye sherehe ya unyago ambako singeli inapigwa hadi alfajiri bila kupumzika, sauti ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kihami cha koili kwa karibu nusu. Fungua transfoma iliyopita misimu kadhaa ya namna hiyo: karatasi kati ya koili imekuwa kahawia na kukatika kwa kuguswa, na vanishi inanuka kuungua hata ikiwa baridi.

Upande wa pili, hofu kubwa ya wapinzani inawahusu mafundi wanaoongeza volti, na hapo nakubaliana nao kabisa. Anayefunga 45-0-45 hupata takriban volti 63, ambazo zinagusa ukomo wa kapasita za volti 63 na kuzitesa transista, wakati faida yake kinadharia ni desibeli 2 na ushei. Hata kwa volti zile zile, transfoma kubwa ya mviringo huvuta umeme mwingi sana inapowashwa na inaweza kukata fyuzi, na transista ikipiga shoti, transfoma hiyo ina nguvu zaidi ya kuunguza spika. Ndiyo maana siwezi kumtetea fundi anayeweka uzi wa shaba mahali pa fyuzi. Fyuzi inayochelewa kukatika, yenye ampea zinazolingana na transfoma mpya, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Hoja yao yenye nguvu zaidi, hata hivyo, inahusu umeme unaoingia. Transfoma hairekebishi volti. Waya mwembamba wa ekstensheni ukivutwa kutoka nyumbani hadi uwanjani na volti 230 zikafika 200, hata transfoma ya ampea 20 itatoa pungufu kwa uwiano huo huo. Kwa hiyo fundi apime mara mbili muziki ukiwa unapigwa kwa nguvu: volti za ukutani, kisha volti kwenye kapasita. Zote zikianguka pamoja kwa uwiano mmoja, mteja akanunue kwanza waya mnene; za ukutani zikitulia na za kapasita zikaanguka, transfoma imeelemewa, na mteja aoneshwe mita hiyo kabla ya kulipa.