Sabuni ya Mtaroni

Kwenye klabu yetu ya baada ya masomo hapa Temeke, kila mtoto ana cheo. Yupo Meneja Uzalishaji wa darasa la nne, yupo Mhasibu wa darasa la tano ambaye hata penseli haazimishi bila saini, na yupo Mkurugenzi wa Masoko, darasa la sita, aliyeteuliwa kwa sababu ya sauti yake. Bidhaa ya muhula ule ilikuwa sabuni ya maji.

Kwa watoto natumia sless peke yake, ile malighafi nzito ya sabuni inayoleta povu. Salfoniki, asidi ya kutengenezea sabuni, inaunguza ngozi, na ikikutana na soda ash, unga wa kuipoza asidi hiyo, inafura mpaka nje ya ndoo. Hiyo tuwaachie wakubwa. Kupata lita 10 unahitaji sless kilo 1, maji lita 9, chumvi gramu 200 hivi, rangi na pafyumu. Sless inakorogwa kwanza yenyewe mpaka iwe nyeupe, ndipo maji yanaongezwa kikombe kwa kikombe. Ukiyamwaga yote kwa pamoja, utabaki na mabonge yanayoelea mpaka kesho yake. Wapo wanaoapa kwamba ni lazima ukoroge kuelekea upande mmoja tu. Koroga upande wowote, mradi uende taratibu. Povu linaletwa na hewa, mkono unazungukia wapi halijali.

Kazi yenyewe iko kwenye chumvi. Inayeyushwa pembeni kwa lita moja iliyotolewa kwenye zile lita 9 za maji, kisha inatiwa kidogo kidogo. Ndani ya maji, chembe za sless hujikusanya katika vifurushi vidogo, huku zenyewe zikisukumana. Chumvi inapunguza kule kusukumana, vifurushi vinarefuka vikawa nyuzi, nyuzi zinasokotana, na sabuni inakuwa nzito. Ukizidisha, nyuzi zinaanza kuteleza, sabuni inarudi kuwa maji matupu. Meneja Uzalishaji alilijua hilo. Alipofika gramu 200 mwiko ulianza kuacha mfereji nyuma yake. Akasimama hapohapo, tukafunika ndoo ili povu litulie usiku kucha.

Mkurugenzi wa Masoko akabaki nyuma. Hoja yake, aliyoitetea baadaye mbele ya kikao cha dharura, ilikuwa kwamba ikiwa gramu 200 zimeleta uzito ule, basi pakiti nzima ya nusu kilo juu yake italeta sabuni ya kukatwa kwa kisu, na chupa ya 1,000 itauzwa 2,000.

Kesho yake ndoo ilikuwa na maji ya kijani. Dawa yake ipo, tena rahisi: unatengeneza ndoo mbili nyingine za sless na maji bila chumvi, unachanganya zote tatu, na zile gramu 700 zikigawanywa kwenye lita 30 unakaribia kipimo kilekile. Hayo niliyaeleza vizuri kabisa, kwenye ndoo tupu. Kamati ya Usafi ilikuwa imeshapita.

“Mwalimu, ilikuwa imekufa,” wakaniambia. “Tumeizika mtaroni.”

Saa tisa ikashuka mvua ya masika. Mtaro wetu una ngazi tatu za zege kabla ya kuingia kwenye kalvati, na kila ngazi ni mahali pa maji kupigwa na kula hewa. Chumvi ilikuwa imeua uzito tu. Kilo nzima ya sless ilikuwa mle na nguvu zake zote. Povu likachungulia kwenye kalvati, likapanda barabarani, likaifunika meza ya muuza karanga, likaingia saluni bila kupanga foleni. Mbuzi wa jirani aliingia mweusi, akatokea upande wa pili mweupe. Babu mlinzi alipuliza filimbi na kuliamuru lirudi lilikotoka.

Vijana wa bodaboda hawakukimbia. Walisogeza pikipiki, wakaanza kuosha.

“Oyaa, hii inatoa mpaka oili!” mmoja akapaza sauti, akisugua kava ya cheni.

Mkurugenzi wa Masoko akapanda juu ya tofali. “Hiyo ni sampuli! Ya kwenye chupa inatoka Ijumaa!”

Mvua ilipokatika, Mhasibu alikuwa ameandika oda za chupa 14, moja ikiwa na sharti kwamba iwe nyepesi vilevile, maana nzito inaziba chupa ya kupulizia.

Ndipo akatokea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, suruali imekunjwa mpaka magotini, kiatu kimoja mkononi.

“Nani mwenye hili povu?”

Kimya. Hata Mkurugenzi wa Masoko sauti ilimkauka. Mhasibu akasogea mbele na daftari lake.

“Shikamoo, mzee. Ni la kwetu. Pikipiki yako nayo imeshaoshwa, nimeiona. Risiti niandike kwa jina lako au la ofisi?”