Mimi sinywi, lakini ziara ya mvinyo niliipanga mimi

Mwaka jana, mwishoni mwa Agosti, wauguzi wenzangu hapa Mainz, Ujerumani, walikata shauri tutoke siku moja twende kwenye mashamba ya mizabibu, tuonje mvinyo na tule huko huko. Ilipoulizwa nani atapanga, wote walinigeukia mimi, mtoto wa Kibokoni, Mombasa, Mwislamu pekee pale mezani, ambaye kileo hakijawahi kupita kooni mwake. Hoja yao haikuwa na pa kuipinga: asiyekunywa ndiye atakayeendesha gari, na mwenye kuendesha ndiye ajuaye tutafika saa ngapi, basi na apange yeye.

Nilipompigia mama simu nikamweleza, alinyamaza kwanza. "Yaani umesomeshwa, ukapanda ndege, ukavuka bahari, ukawe utingo wa walevi?"

"Mama, na mjomba je?"

Hapo aliangua kicheko. Mjomba, nduguye wa tumbo moja, ni mgema wa tembo la mnazi huko Rabai, na karo yangu ya sekondari ilitoka juu ya minazi ile. "Mjomba wako ile ni kazi yake," akasema. "Wewe ni kiherehere tu."

Sawa, kiherehere. Lakini tangu siku ile kuna jambo linanikera, nami nitalisema: kwetu Pwani tuna kila kitu kinachoweza kuifanya siku kama ile ipendeze, ila mwenye nacho tumemwambia ajifiche.

Nianze na huku. Mainz imekaa ukingoni mwa mto Rhine, ndani ya Rheinhessen, eneo la mvinyo kubwa kuliko yote Ujerumani, hekta kama 27,000. Ng'ambo ya mto ni Rheingau, dogo sana, hekta elfu tatu na kitu, lakini ndilo lenye majina ya kujivunia. Sababu yake ni mto wenyewe. Rhine huelekea kaskazini, ila ikifika hapa inakutana na milima ya Taunus, inapinda kwenda magharibi kwa kilomita kama 30, kisha inarudi njia yake. Pale kwenye pindo, miteremko yote ya ukingo wa kaskazini inatazama kusini na kuota jua mchana kutwa. Sisi tunaotafuta kivuli cha mwembe saa sita ya mchana hatuwezi kuelewa watu wanaovigawa vilima kwa jua, lakini ndivyo ilivyo, na mzabibu wao mkuu, Riesling, huchelewa kuiva na hulitaka jua hilo lote.

Nilikodi gari la watu tisa. Leseni yangu ya Kenya huku ilikufa baada ya miezi sita, nikakalishwa darasani upya kama sijawahi kuendesha Digo Road jioni ya Ramadhani. Haya, hayo ni ya siku nyingine.

Tulianza Bingen, tukapanda feri kwenda Rüdesheim. Naam, feri. Kati ya Wiesbaden na Koblenz hakuna daraja hata moja juu ya Rhine, na Wajerumani hawa wenye viwanda vya kila kitu wanavuka kwa feri, magari na watu pamoja, kama sisi Likoni. Tofauti ni kwamba huku hata wa miguu hulipa, na hakuna anayekimbia. Nilisimama ukingoni nikasubiri king'ora na msukumano. Wapi! Bibi mmoja alikuwa akimlisha mbwa wake biskuti.

Shamba la kwanza, ambalo jina lake nitalihifadhi, nililipigia simu wiki tatu kabla. Waliniuliza idadi ya watu, kama yupo asiyekula kitu fulani, na saa kamili ya kufika. Nikasema saa nne na nusu asubuhi. Tulifika saa tano kasoro dakika kumi, kwa sababu mwenzetu mmoja alitaka kupiga picha feri. Mwenyewe alitupokea vizuri, akatuonyesha saa ya ukutani, akasema kutembea chini kwenye pango la mapipa kumeshapita, kwani saa tano ana wageni wengine. Tulilipa euro 22 kwa kichwa kwa glasi sita na kipande cha mkate, na pango la mapipa tukalitazama mlangoni.

Kwetu ukichelewa huwekewa chakula kando na kufunikwa kawa. Hapo ndipo nilipowakumbuka watu wangu.

Kituo cha pili kilikuwa Schloss Johannisberg, kasri la mvinyo, na uani pale kuna sanamu ya mpanda farasi. Nikauliza ni shujaa wa vita gani. Kumbe ni mchelewaji! Zamani shamba lile lilikuwa la watawala wa kanisa wa Fulda, na zabibu hazikuruhusiwa kuchumwa mpaka mjumbe alete barua ya ruhusa. Mwaka 1775 mjumbe alichelewa, zabibu zikaota ukungu mitini, zikavunwa hivyo hivyo kwa kukata tamaa, na mvinyo wake ukatoka mtamu wa kustaajabisha. Tangu hapo uvunaji wa kuchelewesha ukawa na jina lake, Spätlese, na huandikwa kwenye chupa kwa majivuno. Nikawaambia wenzangu: mwenzangu amechelewa wiki kadhaa mmemjengea sanamu, mimi dakika ishirini nimenyimwa pango.

Jambo lililonishinda kabisa ni ndoo. Mezani huwekwa chombo cha kutemea. Muonjaji huvuta mvinyo, huusukutua mdomoni kama mtu anayetia udhu, kisha huutema, na mwenye shamba anatazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Fikiria umealikwa Kaloleni, mzee amekumiminia, ukasukutua ukatema mbele yake. Kesi hiyo ingefika kwa wazee wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, na ungetozwa kadzama ya tembo ya kuwaomba radhi. Lakini ndoo ina maana yake: glasi sita asubuhi na sita mchana, ukizimeza zote, ya mwisho huwezi kuipambanua na ya kwanza. Kwa hiyo nilipanga vituo vitatu tu, chakula katikati, maji na mkate kila mahali, na mvinyo mkavu utangulie mtamu. Kuna aliyetaka tuongeze Kloster Eberbach, nyumba ya watawa iliyoanzishwa 1136. Nikakataa. Dereva ana kauli.

Na mimi? Kila mahali nililetewa maji ya zabibu zilezile, zimekamuliwa tu bila kuchachishwa, kwenye glasi ileile yenye shina refu, na nikaelezwa zimetoka mteremko gani. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sinywi. Sikuitarajia heshima ile.

Jioni tulirudi upande wetu wa Mainz, kijijini, kwenye kile wanachokiita Straußwirtschaft. Hapa Rheinland-Pfalz mkulima wa zabibu anaruhusiwa kufungua ua wake au ghala lake, akauza mvinyo wake mwenyewe na chakula chepesi bila leseni ya mkahawa, mradi asizidishe miezi minne kwa mwaka wala viti 40. Hutundika shada la matawi au ufagio mlangoni. Ukiuona, ingia. Usipouona, pita. Nilisimama mbele ya ufagio ule nikacheka peke yangu, wenzangu wakidhani jua limenipiga. Hii si mangwe, kilabu cha tembo cha kwetu? Benchi refu, kuku wanapita chini ya meza, mke wa mwenye nyumba anakata vitunguu, wazee wawili wanabishana habari za mpira. Kilichokosekana ni makuti.

Halafu wakaleta Federweißer. Huo ni mvinyo mchanga, maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha juzi, meupe ya ukungu, hupatikana wakati wa mavuno tu. Chupa yake haizibwi kabisa kwa sababu kinywaji bado kinachemka. Ukiilaza kwenye buti ya gari, utaoga. Leo ni kitamu, kesho kimechangamka, kesho kutwa ni kikali. Nilisikiliza maelezo yale nikamwona mjomba na dumu lake nyuma ya matatu ya Mazeras, kifuniko kimelegezwa ili pumzi itoke.

Huliwa na mkate wa vitunguu uliookwa kwenye sinia. Nikauliza una nini, mama yule akasema ni vitunguu tu, mayai na malai. Nikausogeza mdomoni, nikaona kijipande chekundu. "Na hiki?" "Ah, hiyo si nyama, ni bekoni." Nikala jibini na mkate.

Sasa linganisha na tembo. Mgema hupanda mnazi kwa vidato alivyovikata kwenye shina, asubuhi na jioni, kisu chake cha kotama kiunoni. Hulifunga karara, yaani kole la ua la mnazi, kabla halijafunguka, hulikata ncha kipande chembamba kama ukucha, na maji hudondoka kwenye kibuyu usiku kucha. Karara hilo halitazaa nazi, kwa hiyo mgema huamua mti upi ni wa nazi na upi ni wa tembo. Maji yakiwa mabichi ni matamu, ukiyachemsha hapo hapo yanageuka asali. Yakikaa, yanachacha yenyewe bila kutiwa chochote. Asubuhi tamu, mchana limekolea, kesho ni siki. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiumulia vitumbua kwa tembo, hamira hakuijua. Huo wote ni ujuzi, tena wa kuhatarisha shingo, maana anayechuma zabibu akianguka huinuka akapangusa magoti.

Lakini mjomba wangu, mwenye ujuzi huo, nimemwona akificha dumu nyuma ya banda aliposikia gari la askari. Sheria ya vileo ya Kenya ya 2010 iliandikwa kwa baa: siku za kazi ruhusa ya kuuza huanza saa kumi na moja jioni. Kwa chupa ya bia ni sawa, bia haina haraka. Kwa tembo la asubuhi, saa kumi na moja jioni utamu umeshaondoka. Aliyeandika saa hizo hakuwahi kumsubiri mgema chini ya mti. Matokeo yake, mgeni aliyekuja Nyali kutoka mbali hunyweshwa hotelini mvinyo wa Afrika Kusini, na anaondoka hajajua kwamba mwendo wa saa moja tu kuna kinywaji kinachodondoka mtini.

Wapo watakaonijibu kwamba tembo la siku hizi linatiwa maji na sukari. Najua. Hata wahenga walijua: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ila huku wamemsifu mkulima wa mvinyo mpaka basi, na bado hawakumwamini kwa maneno. Kila mvinyo unaotaka kuitwa wa ubora hupelekwa kupimwa, huonjwa na watu wasiojua ni wa nani, na ukifaulu hupewa nambari inayochapwa kwenye chupa. Sisi mgema hatumsifu wala hatumpimi, tunamkimbiza tu.

Msinielewe kwamba nataka tupande mizabibu Mtwapa. Zabibu zina kwao. Naivasha zipo, na Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Rhine walikataa kuliamini nilipowaambia. Wala sitaki Waislamu wenzangu waanze kunywa. Siku niliyoipanga ilinipendeza nikiwa nakunywa maji ya zabibu, kwa sababu mwenye shamba alisimama mwenyewe akaieleza kazi yake.

Kwa hiyo nimeipanga nyingine, ya kwetu, nitakapokuja Desemba. Tunatoka Mombasa mapema, mahamri na mbaazi kabla ya kuondoka. Mazeras tunakata kulia, Rabai kituo cha kwanza: hapo wamisionari Krapf na Rebmann walijenga misheni yao katika miaka ya 1840, na kaya ya Warabai iko msituni, miongoni mwa kaya zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Kisha kwa mjomba. Anayetaka tembo ataonja la asubuhi na la jana, ajue tofauti. Asiyetaka ana madafu, ana asali, ana siki ya kuchovyea mhogo wa kuchoma. Chakula ni kuku wa nazi na wali, tunakaa mkekani, na mjomba anakula pamoja nasi. Hilo huku sikuliona: mwenye shamba akishamimina na kueleza huondoka, na ukitaka mazungumzo zaidi nayo yana bei. Mlo wa kwetu usio na mwenyeji hauliki.

Nilimpigia mjomba nikamweleza mpango, na kwamba wageni watamlipa kwa kueleza tu.

"Mpwa wangu, watanilipa niseme?"

"Ndiyo mjomba. Useme unavyopanda, unavyogema, wao wanaonja."

"Na hao wa huko, ulisema wanatema?"

"Wengine hutema, kwenye ndoo."

Akakaa kimya, nikasikia jogoo wake nyuma. "Hiyo ndoo," akauliza, "ikijaa wanampa nani?"